Kiti cha Harrison

Theuri fundi alizungusha pedali kwa mkono, akasikiliza cheni, kisha akakipiga kofi kiti cha baiskeli.

"Mwalimu, hii kiti iko juu sana. Nikushushie?"

"Iache hivyo."

"Ati uende nayo mpaka Vihiga ukining'inia? Hata mimi sifiki hapo."

"Nimesema iache, Theuri."

Fundi akairudisha spana mfukoni. Khavere akaisukuma baiskeli kutoka soko la Giakanja hadi chumba alichopanga karibu na shule anakofundisha. Ilikuwa ya mumewe, marehemu Harrison, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango wa Tetu. Alikuwa amesema shule zikifungwa Desemba ataipanda peke yake hadi kwao Vihiga. Akarudi kwao mapema, ndani ya jeneza, na baiskeli ikabaki imeegemea ukuta. Sasa Khavere ndiye aliyejiandaa kuifikisha.

Kiti alikikaza Harrison mwenyewe, wiki ile aliyougua. Nguo zake zilikuwa zimegawanywa, simu yake imefutwa namba. Kiti tu ndicho kilichobaki vile alivyokiacha.

Jumamosi Khavere alitoka kufanya jaribio. Alipanga kupitia Karatina, alale Kutus, arudi kesho yake. Kwenye keria alifunga blanketi, maji, pampu na viraka vya pancha, mzigo uleule atakaobeba safari yenyewe. Kila alipokanyaga, nyonga zilihama huku na huku, ncha ya kiatu ikiitafuta pedali. Kwenye miteremko alivumilia. Kwenye vilima nyuma ya magoti paliwaka moto, na alipofika Karatina alikuwa anatetemeka. Alijaribu kushuka kando ya soko, mguu haukufikia ardhi, akaangukia mkokoteni wa kabeji.

"Pole, mama," mwenye mkokoteni akasema, akimwinua. "Hii baiskeli imekushinda. Umeibia bwana?"

"Ni ya bwana."

"Basi mwambie ashushe kiti kabla ikuue."

Wanawake wa viazi wakacheka, bila ubaya. Khavere alitaka kucheka nao, midomo ikakataa. Akaokota kabeji mbili zilizobingirika, akazirudisha, akaigeuza baiskeli kuelekea nyumbani. Kutus hangefika. Vilima vyote vya kurudi alivipanda kwa miguu akisukuma. Mlima mkubwa wa eneo lile ulikuwa umejifunika mawingu siku nzima, na hakuwa na hamu ya kuutazama.

Jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto, alimpigia mama mkwe wake simu.

"Umefika wapi?" mama akauliza.

"Nimefika Karatina tu, Mama, nikarudi. Magoti yamekataa."

"Si uipakie kwa basi tu? Hakuna mtu atakulaumu."

"Alisema ataifikisha kwa kuipanda."

"Na magoti yanakataa nini?"

Khavere akamweleza habari ya kiti.

"Zile suruali zake ulizoniletea," mama akasema, "nilizikata miguu. Chris anazivaa shambani."

"Ulizikata lini?"

"Kitambo. Chris ni mfupi kuliko kaka yake, alikuwa anazikanyaga. Nililia na mkasi mkononi, halafu nikakata."

Kisha wakaagana.

Jumapili baada ya kanisa, Khavere aliipeleka baiskeli nyumbani kwa Theuri.

"Nipe spana. Nitakishusha mwenyewe."

Theuri alimtazama, akampa, akaacha mzaha. Nati ilikuwa imekazwa kwa nguvu za mwanamume mkubwa. Khavere aliiegemea kwa uzito wake wote, mara ya kwanza, mara ya pili, akakaa chini kupumua, akaanza tena. Ilipolegea, chuma cha kiti kiliteremka taratibu. Mstari wa vumbi uliokuwa umejichora pale alipokikaza Harrison ukaingia ndani ya bomba, ukapotea.

Alikaza tena, akapanda. Vidole vya miguu yote miwili vikagusa ardhi.

"Zunguka hapo kidogo tuone," Theuri akasema.

Alizunguka ua ule polepole, kuku wakimpisha. Magoti bado yaliuma, lakini nyonga zilitulia.

"Unaonaje, mwalimu?"

"Nimechoka," Khavere akasema, bila kushuka. "Jumamosi nitajaribu Kutus tena."