Gari la Kuvuta Boti ya Akina Mama

Kezia Akech alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye banda la mizigo la reli, akiwa karani wa mizani. Kazi hiyo ilimfunza kwamba mtu akikuambia gunia lake lina kilo tisini, usibishane naye. Lipandishe mizani, mizani itabishana naye kwa niaba yako. Alipostaafu alibaki mtaa wa Mbotela, Nairobi, katika nyumba ileile alimoolewa, na tabia yake ikabaki naye. Majirani walimpenda, ila walijua kwamba ukimletea Mama Celine, kama walivyomwita, mayai, atayatikisa moja moja sikioni kabla hajasema ahsante.

Mwaka huo akina mama wa kanisa la kwao, upande wa Mbita kando ya ziwa, walimtwika mzigo. Walikuwa wamechanga miaka minne wapate boti ya wagonjwa, hasa wajawazito wa visiwani, waliozoea kuvushwa ndani ya mitumbwi inayonuka omena, wale dagaa wa ziwani. Boti yenyewe ilikuwa inaundwa huku huku Nairobi, Kariobangi, na fundi wa faiba aliyeitwa Sylvance. Lakini boti peke yake haikutosha. Magugu ya ziwani hayana makao: leo yameziba ufuo huu, kesho upepo umeyasukuma hadi ufuo wa pili, na boti iliyozingirwa na magugu haina tofauti na beseni. Ilibidi boti ikae juu ya trela, na pawe na gari la nguvu la kuivuta kwa barabara mpaka palipo wazi, siku yoyote, saa yoyote. Mfadhili alipatikana. Akakubali kununua gari kuukuu lakini zima, kwa sharti moja: Kezia alichague na kulitilia sahihi.

Kezia hakujua kuendesha hata baiskeli. Ndipo akamwendea Mwangangi, jirani wa mlango wa tatu, ambaye wengi walimwita Baba Ndindi. Mwangangi alikuwa dereva mstaafu wa ofisi moja kubwa ya mjini. Alikuwa amevuta trela za jenereta kutoka Kitui mpaka Lodwar, na maneno yake yalikuwa machache kana kwamba analipia kila moja. Kezia alimpeleka kwanza Kariobangi akaione boti na trela, kisha wakaenda kwenye yadi ya magari karibu na Jogoo Road.

Mwenye yadi, Luseno, aliwapokea kwa mikono miwili. "Karibu mathe! Mzee, niaje? Leo mmekuja kubeba gari, si kuangalia."

Magari yaliyofaa yalikuwa mawili. Moja lilikuwa Prado nyeupe, safi kama bibi harusi. La pili lilikuwa Land Cruiser kubwa la kijani kibichi, refu, limekwaruzwa ubavuni, na viti vyake vimekunjamana kama uso wa mlevi. Kezia alitoa karatasi aliyopewa na Sylvance. Ilikuwa na mhuri na mistari iliyonyooka: boti, injini na trela, jumla kilo elfu moja mia nne na hamsini.

"Hata hii nyeupe inavuta huo mzigo huku ikiimba," Luseno akasema.

Mwangangi alilala chali chini ya Prado, akatoka, akalala chini ya lile kubwa, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alijipangusa mgongo.

"Ndogo hapana," akasema. "Chukua hili."

"Kwa nini, Baba Ndindi? Kilo si hizi hapa?"

"Mama Celine, mzigo hauvutwi tu. Mzigo unazuiwa. Ukiteremka kule bondeni, kama gari ni jepesi, trela ndilo linalokuendesha wewe. Na ukifika ziwani, utarudi nyuma hadi kwenye tope, halafu upande na boti inayochuruzika maji. Chukua hili."

"Lakini karatasi..."

Mwangangi aliichukua karatasi, akaitazama, akamrudishia. "Nimeiona."

Kisha akamshika Luseno mkono, wakaenda nyuma ya lile gari kubwa. Kezia alibaki na karatasi yake mkononi. Aliwasikia wakinong'ona. Alimsikia Luseno akicheka, akisema, "Mzee, wewe hutaki mchezo!" Halafu akawaona wakipeana mikono, na mkono wa Luseno ukakawia ndani ya ule wa Mwangangi.

Kezia akajumlisha hesabu. Gari ghali zaidi, lililokwaruzwa zaidi, na minong'ono. Kwenye banda la reli aliwaona wanaume wakisalimiana hivyo, na kila mara waliposalimiana hivyo, kuna gunia lililopungua.

Siku iliyofuata alikwenda Kariobangi peke yake, kwa mtu aliyemwamini. Sylvance alikuwa wa kwao hasa, kijiji cha pili kutoka kwa baba yake, na Jumapili alishika sauti ya nne kwenye kwaya. Alimkuta kwenye karakana yake, boti imekaa juu ya trela nje, chini ya turubai lililochanika. Mvua za Aprili zilikuwa zimeinyeshea wiki tatu. Ilikuwa boti nzuri, ndefu, nyeupe, yenye benchi la kumlaza mgonjwa.

Alimweleza kila kitu kwa lugha ya nyumbani, na kwa lugha ya nyumbani Sylvance akamtuliza.

"Mama, madereva ndivyo walivyo. Gari kubwa, chai kubwa. Wewe chukua ile ndogo, umalize kazi. Na huyo mzee, samahani, si mtu wetu. Uchungu wa ziwa anaujulia wapi?"

Maneno hayo yalimkaa Kezia vizuri, kama kiti kilichozoeleka. Alipokuwa akiondoka aliigonga boti ubavuni chini kwa kifundo cha kidole, mazoea tu. Ililia du, mlio mfu, kama gunia la mahindi mabichi.

"Mbona inalia hivi?"

"Faiba nene hiyo, Mama. Nene ndiyo imara," Sylvance akasema, akamwita kwenye chai.

Kezia akanywa chai. Baadaye ndicho kitu alichojilaumia kuliko vyote, kwamba alisikia mlio ule kwa masikio yake na bado akanywa chai.

Ijumaa alikwenda yadini bila Mwangangi, akamkazia macho Luseno. "Niambie ukweli. Baba Ndindi anapata nini kwako?"

Luseno alijikuna shingo. "Mathe, hayo ni mambo yetu na mzee. Ukinunua utaona."

"Nitaona nini?"

"Mathe, please. Muulize yeye. Kesho asubuhi anachukua hiyo gari kubwa, ameomba nimuazime."

Kuazima gari! Bila kumwambia! Usiku wote Kezia aligeuka kitandani akimhukumu Mwangangi. Alikumbuka chumvi aliyoazimwa naye, matanga ya mumewe ambapo Mwangangi alisimama siku nne langoni akipokea watu, na hata hayo sasa akayapindua kutafuta faida aliyopata mtu huyo. Asubuhi alivaa viatu vya kanisani akaenda Kariobangi, maana roho ilimwambia gari lile litafika huko.

Lilikuwa limefika. Mwangangi alikuwa amepiga magoti nyuma yake, anafunga trela, na Sylvance amesimama kando yake akipiga kelele.

"Boti haijakauka! Haitoki hapa! Mama, njoo uone huyu mzee anavyoiba mchana!"

"Baba Ndindi," Kezia akasema, "unaipeleka wapi boti ya watu?"

Mwangangi alisimama polepole, akishika goti. Alimtazama Kezia, naye Kezia akaona machoni mwa mzee kwamba alijua kila alichoshukiwa.

"Panda, Mama Celine," akasema. "Kama naiba, utakuwa shahidi."

Alipanda. Sylvance hakupanda, alisema ana wateja. Gari liliondoka taratibu, na Kezia akahisi kitu ambacho hakukitarajia. Gari lile kubwa, lenye injini iliyonguruma kama simba aliyeshiba, lilikuwa likilalamika. Kila liliposimama kwenye matuta, Kezia alihisi trela likilisukuma mgongoni. Walipofika Industrial Area, eneo la viwanda, karibu na Mukuru kwa Njenga, Mwangangi alikata kona na kuingia kwenye uwanja wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Katikati ya uwanja palikuwa na mizani ya malori.

Kezia alipoiona tu, alishuka akaifuata.

Mwangangi alilegeza trela, akaliacha peke yake juu ya bamba la mizani, akasogeza gari pembeni. Karani wa pale, msichana aliyesuka nywele, aliandika tarakimu kwenye kitabu, akakigeuza ili Kezia asome. Elfu mbili mia tatu na tisini.

"Rudia," Kezia akasema.

Msichana akarudia. Kezia akamwomba aondoe kila kitu kwenye bamba, aisawazishe mizani hadi sufuri, kisha warudishe trela. Elfu mbili mia tatu na tisini. Kilo zaidi ya mia tisa hazikuandikwa popote kwenye karatasi yenye mhuri.

"Ulijuaje?" aliuliza hatimaye.

"Siku ile ya kwanza. Magurudumu ya trela yalikuwa yamefura ubavuni kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Na springi zimelala. Kilo elfu moja na mia nne haziwezi kulaza springi zile."

"Mbona hukuniambia?"

Mwangangi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Ningesema nini? Sylvance ni mtu wenu. Mimi ni Mkamba wa mlango wa tatu. Ungesema namchongea. Nikaona heri mizani iseme. Mizani utaisikiliza."



Walirudi Kariobangi. Kezia alimwomba fundi wa karakana jirani drili, akaielekeza yeye mwenyewe kwenye sehemu ile iliyolia du. Faiba ilitoboka, na maji ya rangi ya chai yakatoka. Hayakukoma. Yalifuatwa na harufu ya mbao iliyooza, na kisha vumbi la mbao, limelowa, limevimba, likining'inia tunduni kama utumbo.

Kila fundi wa boti anajua kinachopaswa kuwa mle. Ni povu, lile linalomwagwa likiwa maji kisha likaumuka na kukauka, jepesi kama mkate, ili boti ikijaa maji isizame. Sylvance alikuwa amejaza vyumba vyote kwa magunia ya vumbi la maseremala, akayafunika kwa faiba.

Alikaa juu ya debe la rangi, mikono kichwani. "Povu liliadimika, Mama. Lililokuwepo nilikuwa nimelitumia kwa tangi la mteja mwingine. Nilijua vumbi likikaa kavu litaelea. Mvua ndiyo..."

"Ziwa lina mvua ngapi, Sylvance?" Kezia akamuuliza. Hakupaza sauti. Alikuwa akimwona mwanamke amelala kwenye benchi lile, uchungu umemkaza, katikati ya visiwa viwili, na wimbi limeingia. Mwanamke huyo alikuwa na uso wa watu wengi aliowajua. "Wewe ni wa kule. Ungempakia dada yako?"

Sylvance alilia. Kezia alimwacha alie, kisha akamwambia afungue vyumba vyote. Kwa majuma matatu alikuja kila siku na kigoda chake, akaketi mbele ya boti ile, akatazama gunia baada ya gunia likitolewa, akatazama povu likimwagwa na kuumuka, na hakunywa chai ya mtu. Ilipopimwa tena ilikuwa kilo elfu moja mia nne na themanini.

Jioni hiyo alibisha mlango wa tatu. Mwangangi alikuwa akimenya viazi.

"Nilikushuku," Kezia akasema akiwa bado amesimama. "Nilikushuku vibaya, na nikakusema kwa mtu. Nisamehe."

"Keti, Mama Celine."

Aliketi. Alijaribu kunyamaza, akashindwa. Mtu haachi ngozi yake mlangoni. "Lakini Luseno alikuwa anakupa kitu."

Mwangangi aliendelea kumenya. "Alitaka kunipa. Ndiyo desturi yao. Nikamwambia asinipe mkononi, afunge ndoano mpya ya trela na waya za breki, ili ukikanyaga breki ya gari, trela nalo lishike breki. Alicheka, akasema sitaki mchezo. Kama ningekuambia, ungetaka kujua kwa nini anatoa bure."

"Ningetaka," Kezia akakiri.

"Na sasa kwa kuwa boti ni nyepesi, unafikiria ile nyeupe."

Alikuwa akiifikiria kweli. Alicheka kwa aibu, na asubuhi iliyofuata akaenda kutia sahihi kwenye hati za lile kubwa la kijani.

Walisafiri Jumanne, wanne: Mwangangi kwenye usukani, Kezia kando yake, na nyuma Sylvance pamoja na Celine, bintiye Kezia, aliyekuja kumshika mama yake mkono. Kwenye mteremko wa bondeni gari lilishuka limetulia, trela likifuata kama ng'ombe aliyekamuliwa. Mwangangi hakuzungumza sana. Kuna mambo ambayo msamaha hauyaponyi siku moja, na Kezia aliyaheshimu, akammenyea machungwa njia nzima.

Ufuoni akina mama walikuwa wamejaa, wameanza kuimba. Kaka yake Kezia, Obura, ambaye ndiye angekuwa nahodha, alitaka aingie mara moja awazungushe wazee. Kezia akakataa. Mwangangi alirudi nyuma mpaka magurudumu ya nyuma yakaingia kwenye tope, boti ikateleza ikaelea, ikafungwa kamba ndefu kwenye ndoano ya gari.

"Sylvance," Kezia akasema. "Vaa jaketi, uingie. Nenda pale kwenye kina. Kisha ung'oe kizibo cha chini."

Kuimba kulikoma. Sylvance alimtazama, akaona hakuna mzaha, akavaa jaketi la kuelea, akapanda. Alipofika mbali kidogo aliinama. Maji yalianza kupanda ndani ya boti, yakafunika miguu yake, yakafunika benchi, yakamfika kiunoni. Mwanamke mmoja aliguna. Obura alianza kuvua shati.

"Nivute?" Mwangangi aliuliza dirishani, injini ikinguruma.

"Ngoja," Kezia akasema.

Boti ilizama hadi ukingoni, ikasita hapo, kingo zake nyeupe zikibaki juu ya maji. Wimbi likapita juu yake, na jingine. Haikushuka tena. Sylvance aliketi humo kifua kikiwa juu ya maji, ametumbua macho, kama mtu aliyekaa kwenye karai kubwa. Kezia alihesabu dakika kumi kwa saa ya Celine. Ndipo akageuka, akampungia Mwangangi mkono, na gari la kijani likakanyaga tope, likaanza kuivuta boti nchi kavu.