Nguzo Tulizozichoma

Maneno yalianza kwa Bi Creuza, muuza unga wa muhogo hapa kwetu Bahia: kwamba wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa nguzo za kutambazia pasheni ndio wanaoangusha maua yake. Niliyakataa, lakini yaliningʼangʼania. Mchana ua lilifunguka, nyuki akaingia, kesho yake nikaliokota chini. Nani asingeshuku?

Tena jirani yetu, Mzee Arlindo, aliziacha nguzo zake zioze, zimejaa matundu, na bado matunda akivuna.

"Shoga, yule anawafuga nyuki hao kwa uchawi awatume kwenu," Bi Creuza aliniambia. "Wewe endelea kumsalimia."

Nikaacha kumsalimia. Nikangʼoa nguzo zetu zote za mti wa umburana zenye matundu, nikasimamisha za saruji, za zamani nikazitia moto. Ndani ya moto kulikuwa na mvumo. Nikajiambia ni upepo.

Maua yaliyofuata hayakuguswa na mdudu, yakaanguka karibu yote. Ikabidi tufanye kazi ya nyuki wenyewe kwa vidole, kupaka unga wa ua hili kwenye lile, tangu saa saba mchana mpaka jioni, maana ua la pasheni halingoji kesho. Mikono yangu haikutosha. Binti yangu Luzinete, ambaye darasa lake ni la mchana, nikamtoa shule. Mimi niliishia darasa la nne. Nilikuwa nimeapa yeye hataishia njiani.

Nikaenda kwa Mzee Arlindo kuomba nguzo yenye viota.

"Leo mimi si mchawi tena?"

"Nisamehe, mzee."

"Ulisikia maneno. Ulikuja kuniuliza?"

"Sikuja."

"Chukua mbili. Zibebe jua likishazama, wakiwa ndani. Ukizichoma hizi, usirudi hapa hata kuomba maji."

Nyuki wameanza kutoka, wachache. Mwalimu atamshikia Luzinete nafasi yake mpaka mwezi wa nane. Nyuki wasipotosha kufikia hapo, sijui.

Juzi nilipita kwa Bi Creuza. Nguzo za zamani za uzio wake, zenye matundu, zote zimesimama. Nikamuuliza mbona hakuchoma.

"Sijapata nafasi, shoga," akasema, akaendelea kupima unga.

Wewe mwenye shamba na mtoto, epuka haya:

Kuchoma nguzo au gogo lenye matundu kabla hujajua nani anaishi ndani.
Kupiga dawa mchana, maua yakiwa wazi.
Kufyeka maua ya porini kando ya uzio. Pasheni ikiacha kuchanua, nyuki bado wanakula.
Kumtoa mtoto shule afidie kosa lako.
Kufuata ushauri ambao mwenye kuutoa haufuati.