Siku Niliyowajibu

Kila Jumamosi mimi na yaya wangu Anatole, kaka yangu mkubwa, tulipanda taksi kutoka Jacobs, mtaa tuliokaa ugenini, kwenda kujifunza mambo ya Amerika. Faili yetu ya ukimbizi ilikuwa imekubaliwa, zimebaki wiki tatu tupande ndege. Mama Mireille alitufundisha kwenye ukumbi wa kanisa.

"Kule," akasema, "sheria iliandikwa na watu waliochoka na mfalme. Waliifunga serikali kamba kwanza, ndipo wakaipa kazi. Askari haingii nyumbani kwako bila karatasi ya jaji. Akikuuliza, una haki ya kunyamaza."

Peguy, kinyozi tuliyesoma naye, akacheka. "Serikali inapiga hodi? Mama, hiyo iko serikali ao iko mkwe?"

"Andika, Peguy. Utacheka ukifika."

Anatole aliandika yote. Mimi nilisikiliza tu. Kwetu Uvira, mtu wa serikali akija unampa kiti, akiuliza unajibu, ili aondoke mapema. Mama yetu mzazi alituokoa hivyo mara nyingi.

Jumanne asubuhi wakabisha wanaume wawili wenye vizibao vya serikali. Anatole alikuwa ametoka kazi ya usiku, amelala nyuma ya pazia. Kibali chake cha kukaa nchini kiliisha Machi, na kila alipokwenda kukifanya upya aliambiwa arudi kesho. Changu kilikuwa kizima. Nikafungua mlango. Nikatoa kiti.

Mmoja akakaa, akasoma kibali changu, akanirudishia. Alikuwa ameshasimama kuondoka.

"Unakaa na nani hapa, dada?"

Somo nililikumbuka, siwezi kusema nilisahau. Lakini mtu mzima ameniuliza, tena kwa upole, na kumnyamazia nikaona aibu.

"Na kaka yangu. Amelala."

Anatole akatoka kifua wazi. "Karatasi ya jaji iko wapi?"

"Eish, huyu anadhani ameshafika Amerika!" Wakacheka, wakamfunga pingu.

Mama Mireille aliposikia alishika kichwa. "Hata sheria ya hapa inataka karatasi, Félicité. Ungenyamaza tu, mwanangu."

Ndege iliondoka bila sisi. Faili yetu ni moja, basi imerudi mwanzo, na mwanzo ulituchukua miaka tisa.

Jana nilikwenda kumwona Anatole mahabusu. Nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Acha kulia. Hata mimi ningewajibu."

Anatole hajui kudanganya. Aliyasema hayo akiangalia ukuta.