Alama ya Sikio

Asubuhi hii mwanga umetokea upande wa Burundi, umevuka ziwa lote, umefika Uvira na kumkuta Georgette amesimama ufukweni, mfuko wa mchele wa Lubarika miguuni. Wiki tatu alikuwa huko kwa mama yake mgonjwa. Amerudi bila kutoa taarifa, alitaka kumfurahisha mume wake. Maskini.

Boti ilikuwa ya Sévère, mumewe, lakini kuitia nanga walijifunza wawili. Siku za kwanza nanga iliburuzika mchangani, upepo ukawasukuma kwenye mawe, wakapigizana kelele hadi wanawake waliokuwa wakifua nguo wakacheka. Ndipo Sévère akasema, "Tuache makelele, Georgette. Juu ya maji, mukono ndiyo kinywa."

Mkono ukawa kinywa. Georgette mbele na kamba, Sévère nyuma na moteri. Kiganja chini: shusha nanga. Kiganja juu: ngoja. Ngumi: vuta, ondoka. Ghuba kwa ghuba, kutoka Uvira hadi Baraka, walilala juu ya maji, wakaamka juu ya maji, na hakuna aliyepaza sauti.

Alama moja ilikuwa ya Georgette, aliibuni mwenyewe karibu na Makobola. Kamba ilipoacha kutetemeka mkononi alijua nanga imeshika, na kwa furaha akajishika sikio. Sévère alicheka hadi akazima moteri. Hii ni yetu wawili, alisema, hata watoto tutawaficha. Georgette aliamini, jamani, aliamini kabisa.

Sasa boti inaingia. Mbele, palepale pa Georgette, amekaa mwanamke wa kitenge cha manjano. Sévère nyuma, kiganja chini, nanga inazama. Georgette anajiambia ni mfanyakazi tu, mtu mmoja hawezi kazi hii, wivu wa nini? Moteri inarudi nyuma, kamba inakaza. Mwanamke anamgeukia Sévère, anatabasamu, anajishika sikio. Sévère anacheka.

Loo, sikio lile! Kitanda angekililia, na siku moja pengine angesamehe. Sikio, hapana. Amesalitiwa mchana kweupe, na aliyemsaliti bado anacheka.

Mwanamke anarusha kamba ya kufungia, na mikono ya Georgette, ilivyozoea, inaidaka kabla hajafikiri. Ndipo Sévère anamwona. Anasahau walichokubaliana, anapaza sauti juu ya maji.

"Georgette, funga kamba! Miye nitakuelezea."

Hafungi. Anaiachia kamba iteleze taratibu majini. Kisha anainua mkono, anakunja ngumi. Sévère anaisoma vizuri, hawezi kusema hajaelewa, maana yeye ndiye aliyemfundisha.

Vuta. Ondoka.

Ngumi inabaki juu hadi nanga inapotoka ziwani ikidondosha mchanga. Na mwanga ule wa Burundi umelala juu ya maji kati yao, mahali ilipokuwa kamba.