Kengele ya Kutazamwa

"Usiache michirizi," alisema mkuu wa stesheni. "Mgeni atasoma kila neno."

Mfagiaji alikuwa amesimama juu ya kigoda, kitambaa kibichi mkononi, akifuta kibao kipya kilichopigiliwa ukutani juzi. HUDUMA ZETU, kibao kilisema kwa herufi nyeupe. Chini yake: chumba cha kupumzikia abiria, maji safi, choo, matangazo kwa kipaza sauti, daraja la kuvukia reli. Akafuta neno moja moja. Chumba cha kupumzikia kilikuwa stoo ya saruji tangu mwaka juzi. Bomba la maji lilikuwa na koki, koki ilikuwa na kutu, na hadithi ya maji iliishia hapo. Ufunguo wa choo alikaa nao mkuu mwenyewe mfukoni. Na daraja, jamani, lilipakwa rangi ya fedha chini hadi juu, likang'aa kama sufuria mpya, lakini mbao zake za kukanyagia zilikuwa zimeoza, na geti lilikuwa na kufuli mwezi wa nane sasa.

"Bosi, na daraja nalo nilifute?"

"Daraja lipo au halipo?"

"Lipo."

"Sasa unauliza nini? Futa."

Akafuta. Watu wa pale walimwita Binti Kengele, ingawa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto watatu. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa stesheni ile kwa miaka ishirini na sita. Haikuwa kengele ya maana kwa macho: kipande cha reli chenye urefu wa mkono, kimening'inizwa kwa waya mwishoni mwa jukwaa, na msumari mkubwa wa reli wa kukigongea. Mpigo mmoja, treni inatoka mjini. Miwili, inakwenda mjini. Mfululizo usiohesabika, ya mizigo inakuja na haisimami. Mtoto wa miaka minne wa mtaa ule alikuwa hajui kuvaa viatu, lakini mfululizo anaujua. Akiusikia, anaganda alipo.

Baba alipostaafu, walikuja wengine, wakapiga vilevile. Halafu kikaja kipaza sauti, na wiki mbili zilizopita ikaja habari ya mgeni kutoka makao makuu kuja kutazama historia ya stesheni. Kipande cha reli kikashushwa, kikapakwa rangi ya dhahabu, kikatundikwa kwenye fremu ya mbao karibu na mlango wa ofisi, kamba nyekundu ikazungushwa mbele. Msumari ukalazwa juu ya kijimto, kama mgonjwa. Na kikaratasi: KENGELE YA ZAMANI. USIGUSE.

"Sawa, izeeke," Binti Kengele alimwambia kijana wa kipaza sauti siku ile ya kwanza. "Lakini ya mizigo nani ataitangaza?"

"Ya mizigo haitangazwi, mama. Haina abiria."

"Haina abiria ndani. Na wa nje je?"

Kijana akacheka kidogo, akainua mabega. Yeye alipewa karatasi ya matangazo, na ya mizigo haikuwamo.

Shule ilikuwa upande wa stesheni. Nyumba zilikuwa ng'ambo, baada ya reli mbili. Asubuhi Binti Kengele alivuka na kitinda mimba wake wa darasa la pili, kamshika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja kinateleza. Shida ilikuwa mchana. Watoto wadogo hutoka saa sita na nusu, hujirudia nyumbani wenyewe. Na kila siku saa saba kasoro dakika ishirini ya mizigo hupita reli ya pili, ikiteremka mlima, injini kimya.

Ninyi mnaoishi karibu na reli mnajua jambo hili, na msiolijua lishikeni: treni inayokimbia unaiona, unaiogopa. Inayosimama ndiyo mbaya. Mtoto huiona imetulia, akazunguka mkia wake, akavuka kwa furaha yote. Hajui kwamba nyuma ya yale mabehewa kuna nyingine inakuja, na iliyosimama imemfichia. Wiki iliyopita ya mizigo ilisaga baiskeli ya fundi viatu.

"Mimi nilivuka," fundi alipenda kusema, akionyesha usukani uliobaki, ambao sasa alitundikia kandambili. "Baiskeli ndiyo haikuvuka. Ilikuwa inafuata nyuma kwa heshima."

Watu walicheka. Binti Kengele hakucheka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alipomaliza kibao akaenda kwa fundi, aliyekuwa chini ya kivuli cha bati.

"Kaka, leo treni ya mgeni itasimama reli ya kwanza mpaka saa ngapi?"

"Mpaka hotuba ziishe. Unamjua bosi wako. Akishika kipaza sauti hata mate hamezi."

"Saa saba itafika?"

Fundi akaacha kushona. Akamtazama. "Itafika," alisema, safari hii bila mzaha. "Itapita."

Mgeni aliteremka saa sita na robo, mtu mnene mwenye viatu visivyowahi kuona vumbi. Viti kumi na viwili vilipangwa jukwaani. Karani wa tiketi alifunga dirisha ili ahesabike kuwa mhudhuriaji. Mkuu wa stesheni akaanza: stesheni yetu ilijengwa lini, ilianza na chumba kimoja na taa ya mafuta, mawaziri gani walipita hapa. Treni ya mgeni, mabehewa sita yaliyooshwa, ikasimama nyuma yake kama ukuta.

Binti Kengele aliwekwa mlangoni mwa ofisi, kando ya kengele, na kazi moja: mtu asiguse.

Saa sita na dakika thelathini na tatu simu ya reli ikalia ndani ya ofisi. Ikalia, ikalia. Hakuna aliyegeuka. Akaingia akainua mkonga wa simu.

"Ya mizigo imenipita sasa hivi," ilisema sauti ya stesheni ya juu. "Dakika saba iko kwenu. Mkuu yupo?"

"Yuko kwenye hotuba."

"Haya, mfikishie." Simu ikakatwa.

Akatoka, akajipenyeza nyuma ya viti, akamvuta mkuu shati taratibu. Mkuu akamaliza kwanza orodha ya mawaziri, dakika nne nzima, ndipo akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Una wazimu?"

"Ya mizigo inakuja, bosi. Watoto wametoka shule. Sema neno moja tu hapo ulipo, wasikie."

"Baada ya hotuba."

"Baada ya hotuba kutakuwa na nini cha kusema?"

"Rudi kwenye nafasi yako." Kiganja kikaondoka, tabasamu likarudi. "Naam, mheshimiwa, usalama wa abiria wetu umekuwa nguzo..."

Akarudi kwenye nafasi yake. Kutoka pale aliona mkia wa treni ya mgeni, na nyuma yake sare za shule zikija, mikoba ikidunda migongoni. Mbele kabisa alimwona mwanawe, soksi moja juu, moja chini, akiruka kokoto. Akaita. Spika mbili za stesheni zikaimeza sauti yake. Nguzo, zilisema, nguzo ya maendeleo. Mpaka mkia wa treni ni hatua mia moja na zaidi. Aliwahi kuzihesabu akifagia. Kwa muda uliobaki, asingefika.

Watoto wakashuka jukwaani. Wakaanza kuzunguka behewa la mwisho.

Binti Kengele akaruka kamba. Akanyakua msumari kwenye kijimto, akakipiga kile kipande cha reli cha dhahabu kwa nguvu zake zote, na tena, na tena, bila kuhesabu, kama baba yake. Rangi ikabanduka vipande, chuma cha zamani kikatoka chini yake na sauti yake ileile ya kupasua masikio. Viti vikageuka. Mkuu akanyamaza katikati ya neno. Na kule mwishoni, nyuma ya behewa la mwisho, watoto wakaganda kama walivyofundishwa kabla ya kuvaa viatu. Mmoja alikuwa tayari kauinua mguu. Akaurudisha.

Ya mizigo ikatokea ubavuni mwa treni ya mgeni, mabehewa thelathini ya mchanga, ikapita na upepo wake. Kofia ya mtoto mmoja iliruka ikaenda nayo.

Ilipokwisha kupita, mgeni akainuka kitini. Akapiga makofi.

"Safi sana!" alisema. "Mmetuonyesha hata ilivyokuwa ikipigwa! Historia hai hii."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema mkuu wa stesheni, jasho likimshuka shingoni. "Tulikuandalia."

Wote wakapiga makofi. Fundi viatu peke yake alikuwa amesimama kiatu cha mtu mkononi, akitazama kule kwenye watoto.

Saa tisa, mgeni alipokwisha kuondoka na zawadi zake, Binti Kengele aliitwa ofisini. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akila mkate, akichora vumbi kwa kidole cha mguu. Mkuu alisukuma karatasi na kalamu mezani.

"Andika maelezo. Kwa nini uligusa kumbukumbu ya stesheni na kuharibu rangi. Mwisho uombe radhi. Barua isipokuwa na radhi naipeleka kwa kampuni yenu ya usafi, na kesho usihangaike kuja."

"Uliwaona wale watoto, bosi?"

"Naongea habari ya rangi."

Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba, na kalamu haikuwa imemzoea. Aliandika polepole, akikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Mkuu alisimama dirishani akisubiri. Kisha akaichukua, akaisoma.

*Mimi mfagiaji. Ni kweli niligusa. Rangi imebanduka nami nimeshaifagia. Watoto walikuwa kumi na mmoja, mmoja ni wangu, ila ningegusa hata asingekuwepo. Simu ilipigwa hakuna aliyepokea isipokuwa mimi ambaye si kazi yangu. Kama hamtaki niguse, toeni kufuli darajani mpige mbao mpya. Mkishindwa, nitagusa tena.*

"Radhi iko wapi?"

"Nimeitafuta, bosi. Sikuiona."

Akatoka. Pale mlangoni kengele ilikuwa nusu dhahabu, nusu kutu. Akaruka kamba kwa mara ya pili siku ile, akauchukua msumari, akautia kwenye mfuko wa aproni, mfuko ukalemea upande mmoja. Akamshika mwanawe kifundo cha mkono. Fundi viatu akakunja turubai lake, akawafuata nyuma, na karani wa tiketi akafungua dirisha ili aone vizuri.

Ukingoni mwa jukwaa mama na mtoto walisimama, wakatazama huku, wakatazama kule.

"We mwanamke!" mkuu alipiga kelele kutoka mlangoni, barua ikipepea mkononi. "Rudisha huo msumari! Ni mali ya stesheni!"

"Nitaurudisha," alijibu bila kugeuka. "Kesho. Saa saba kasoro dakika ishirini."