Udongo wa Kumkandikia Mkwe

Bushiri alikuwa mlinzi wa bwawa lililotuletea maji kwenye mabomba ya Kariakoo. Ukuta wake ulikuwa wa udongo mtupu, ulioshindiliwa enzi za Mdachi, na sasa ulikuwa umechoka. Mvua ikinyesha, unatoka jasho. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtu yeyote asiuguse udongo ule.

Bwana huyu hakuogopa chui wala mzungu. Alimwogopa mama mkwe. Bi Mwanamize alikuja kumwomba udongo wa kukandikia nyumba, maana binti yake mdogo alikuwa karibu kuolewa na kuta zilikuwa fito tupu. Bushiri akainamisha uso, akakubali. Kumkatalia mkwe? Hakulelewa hivyo, na sisi wengine pia hatukulelewa hivyo. Akachimba mwenyewe chini ya ukuta, upande wa nyuma, mfinyanzi mwekundu unaonata, akajaza mkokoteni. Nyumba ikapendeza, hata tukaionea wivu.

Masika yalipoanza, ukuta ukaporomoka pale pale alipochimba. Bwana wa maji, mzungu, akafungulia bwawa lote liende mto Msimbazi, ukuta usije ukapasuka mzima. Mabomba yakakauka. Wanawake wakarudi kwenye visima vya maji ya chumvi, wakitukana njia nzima. Mzungu akamkamata Mgeni, mkata majani ya mbuzi aliyezoea kupita nyuma ya ukuta, akasema ndiye aliyechimba.

Bushiri akasimama kando. Akisema kweli, atamtaja mkwewe mbele ya askari. Mgeni akatiwa pingu, akamtazama tu. Hapo aibu ikamzidi Bushiri.

"Mwacheni," akasema. "Nimechimba mimi. Nilitaka udongo wa nyumba yangu."

Akafukuzwa kazi papo hapo. Alirudi mjini akipita katikati ya ndoo tupu, akitoa salamu, na hakuna aliyemwitikia.

Jioni Bi Mwanamize akamfuata kwake. Hakuja kugomba. Alimuuliza taratibu kama udongo ule ulikuwa wa kutolewa. Bushiri, macho chini, akajibu haukuwa.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuonea haya, mama."

Bibi akakaza kanga yake. "Mimi ningechimba Mchikichini," akasema. "Ni karibu zaidi. Nilikuja kwako kwa kuogopa utasema nimekudharau, nina mkwe mlinzi wa bwawa na naomba udongo kwa watu baki."

Bushiri akajifunika uso kwa kanzu, akalia. Mkwewe akageukia ukutani ili asimwone.