Kiti cha Prefe Placide

Siku redio iliposoma majina ya wabunge wapya, Kabambare nzima ilitoka nje. Mafundi wa nguo waliacha cherehani, wauzaji wakafunika bidhaa zao, na mbele ya nyumba ya Prefe Placide wanawake wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kwa miaka kumi na tisa Placide alikuwa ameongoza shule ya sekondari pale mjini, ndiyo maana kila mtu, hata wale ambao hawakukanyaga darasa, walimwita Prefe. Sasa wakaanza kumwita onorable, yaani mheshimiwa mbunge. Yeye alicheka na kusema bado hajui kama anayeitwa ni yeye.

Aliyesimama karibu naye siku ile alikuwa Moustapha, fundi wa pikipiki mwenye kibanda sokoni. Wakati wa kampeni ndiye aliyemwendesha Prefe kijiji kwa kijiji, mwezi mzima, mvua ikiwanyeshea wote wawili. Placide alizungumza na watu baada ya misa, Moustapha akawasalimia wenzake msikitini, kisha wakakutana kula pamoja. Kwenye karatasi ya ugombea, kila mgombea alitakiwa kuandika majina mawili ya supleyan, yaani watu wa kukalia kiti chake kama atakufa au ataitwa serikalini. Placide aliandika Moustapha wa kwanza. Wa pili akamwandika Élysée, kaka yake mkubwa wa tumbo moja.

Élysée hakulimeza hilo. "Unaniweka nyuma ya fundi wa pikipiki?" alimwuliza mbele ya watu.

"Yaya, kura zako ziko humu nyumbani," Placide alijibu. "Zake ziko kuanzia hapa mupaka Lusangi."

Wabunge wapya walitakiwa wafike Kinshasa mapema ili faili zao zikaguliwe kabla ya kuthibitishwa. Ndege ndogo ingeondoka Kasongo siku ya Alhamisi. Jumanne asubuhi Placide alivaa koti lake la kijivu, akapakata mfuko mweusi wa ngozi aliopewa na wanafunzi wake, akapanda nyuma ya pikipiki ya Moustapha. Ndani ya mfuko mlikuwa na vyeti vyake vya shule, cheti cha kuzaliwa, fomu zilizopigwa mihuri, na faili za supleyan wake wawili. Moustapha alikuwa amfikishe Kasongo tu, kisha arudi kazini kwake.

Walifika Luama kabla ya saa sita. Kivuko cha chuma kilikuwa kimeharibika tangu zamani na kimeachwa ukingoni kikiota kutu. Watu walivuka kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa kamba, pikipiki ikisimamishwa katikati juu ya mbao. Mwenye mitumbwi, Ayoubu, alikuwa ameketi kwenye majani akiyatazama maji. Maji ya mvua za huko juu yalikuwa yameshuka, na mto ulikuwa mwekundu, umebeba matawi.

"Mungojee mupaka kesho," Ayoubu alisema. "Leo maji iko mubaya."

Moustapha alimgeukia Placide. "Prefe, tungojee."

Placide alitazama saa yake. "Tukilala hapa, kesho njia itakuwa matope, ndege itaniacha. Watu wamenichagua, mimi nikose kufika sababu ya maji? Tuvuke."

Hapakuwa na mtu wa kumbishia Prefe. Walipakia pikipiki, wakaingia. Walipofika katikati, gogo lililokuwa likija chini ya maji liligonga mtumbwi wa upande wa juu. Kamba ilikatika. Pikipiki ilianguka upande, mbao zikafuata, na mitumbwi ikapinduka mara moja.

Moustapha alikulia Nyangwe miongoni mwa wavuvi, na maji aliyajua. Alipoibuka, mkono wake wa kushoto ulikamata mtumbwi uliopinduka. Placide alikuwa karibu, kichwa kikizama na kutoka. Moustapha alinyoosha mkono wa kulia, akamshika koti begani, akalibana. Kati yao mfuko mweusi ulikuwa unaelea, ukianza kuvutwa na maji.

"Mufuko!" Placide alipiga kelele, mdomo umejaa maji. "Moustapha, kamata mufuko!"

Moustapha aliukamata mfuko. Alipogeuka, palikuwa na maji tu.

Aliita. Alizunguka mtumbwi, akazama mara mbili huku mfuko ungali mkononi, akapapasa, hakugusa kitu. Mto ulimpeleka mbali, na watu wa ng'ambo wakamvuta kwa mti. Ayoubu alikuwa amefika ukingoni kabla yake. Alimwona akitoka majini, amepiga magoti kwenye matope, mfuko kifuani.

Maiti ya Placide ilipatikana Alhamisi, imekwama kwenye mizizi mbali sana chini ya mto. Siku ile ile ndege iliondoka Kasongo.

Walimzika Kabambare. Wanafunzi walivaa sare na kusimama mistari miwili kutoka kanisani hadi kaburini. Siku ya tatu ya kilio, watu wakiwa wamejaa uani juu ya mikeka na viti vya kanisa, Élysée alisimama, akamwita Ayoubu mbele.

"Sema uliona nini."

Ayoubu alikuwa mtu wa maneno machache. "Niliona anatoka na mufuko," alisema.

"Na mudogo wangu, mutoto wa mama yangu?"

"Yeye hakutoka."

Élysée aliwageukia watu. "Mumesikia. Mutu alizama, mufuko ukapona. Na ndani ya mufuko kulikuwa nini? Kulikuwa karatasi ya kumupa huyu kiti. Sitaki kusema zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Watu waliokuwa wameketi mkeka mmoja na Moustapha walianza kujisogeza. Moustapha aliinamisha kichwa. Alingoja mtu aseme kwamba alimbeba Prefe mwezi mzima kwenye mvua, na hakuna aliyesema.

Jioni, kabla giza halijaingia, Julienne, mjane wa Placide, alimwita jikoni nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, kitambaa cheusi kichwani, miguu imevimba kwa kukaa. Hakumkaribisha.

"Niliwapikia nyinyi wawili mwezi muzima," alisema. "Kwa hiyo usinidanganye. Ulimuona pale majini?"

"Nilimuona, Mama Julienne. Nilimushika."

"Ulimushika wapi?"

"Kwenye koti. Hapa." Alijigusa bega.

"Halafu?"

"Akaniambia nikamate mufuko. Mukono mumoja ulikuwa kwenye mutumbwi. Nikaachia koti."

Nje wanawake walikuwa wanaosha masufuria.

"Ulijua hawezi kuogelea?"

"Nilijua."

"Basi ulifikiri nini?"

"Sikufikiri. Tangu tuanze, kila kitu alichosema nilifanya. Alisema geuka, nageuka. Alisema simama, nasimama. Akasema kamata mufuko, nikakamata." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilizania nitamurudilia. Ni kidogo tu, Mama. Ni kama kupepesa macho."

Mwanamke yule hakulia. Alisema tu, "Enda kwako."

Wiki iliyofuata hakuna aliyeleta pikipiki kwenye kibanda cha Moustapha. Mke wake alipokwenda kisimani, wenzake walimpisha achote, wakakaa mbali wakingoja aondoke. Élysée alituma ujumbe: aandike barua ya kukataa kiti, na mambo yatakwisha. Moustapha aliona hiyo ndiyo nafuu. Aliandika barua kwa mkono wake, akaweka sahihi, lakini kabla ya kuipeleka kwa Élysée alipita kwa Julienne, kwa sababu aliona ni haki yake kuijua kwanza.

Julienne aliisoma yote amesimama. Kisha akaikunja, akainama, akaiingiza chini ya sufuria. Karatasi ilishika moto.

"Mama!"

"Élysée anataka kiti," alisema. "Wewe unataka kukimbia. Hakuna hata mumoja wenu anawaza ule muto. Juzi mwanamuke wa Lusangi alivukishwa pale pale na mimba yake, kwenye mutumbwi ule ule wa Ayoubu. Placide aliahidi kivuko. Aliahidi mbele yangu, na wewe ulikuwa pale na ulipiga mikono. Utaenda."

"Watu watasema nilimuua."

"Watasema. Mimi sitawazuia." Alikaa chini. "Na usizanie nimekusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini jina lako iko kwenye ile karatasi, na ni yeye aliliandika. Utaenda."

Moustapha alivuka Luama tena, na aliyemvusha ni Ayoubu. Maji yalikuwa yamepungua.

Kinshasa alipangiwa kufika mbele ya tume ya kukagua faili. Alipanga foleni katika ujia mrefu pamoja na wengine waliochaguliwa, wanaume wenye suti mpya na wanawake wenye vilemba vya fahari, wakipiga picha pamoja na kubadilishana namba za simu. Zamu yake ilipofika, karani mama mwenye miwani alipokea mfuko mweusi. Faili ya Moustapha ilikuwa kwenye plastiki na ilikuwa salama. Ya Placide ilikuwa imelowa ikakauka. Wino wa mihuri ulikuwa umesambaa, na kurasa zilikuwa zimeshikana.

Karani aliisukuma kando. "Hii ya marehemu hatuihitaji. Nahitaji cheti cha kifo na faili yako tu."

Moustapha alimpa cheti. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mama, na kama zote zingepotea majini?"

"Mungeandika tangazo la kupoteza," karani alisema huku akigonga muhuri. "Nakala zingine ziko. Ni kazi ya wiki moja. Wengine wamekuja hapa mikono mitupu na tumewasaidia. Anayefuata!"

Alikwenda akaketi kwenye benchi. Aliketi pale muda mrefu mpaka mlinzi akaja kumwuliza kama anaumwa.

Siku ya kuthibitishwa, ukumbi ulijaa. Wabunge waliitwa jimbo kwa jimbo. Jirani yake, kijana wa mkoa mwingine, hakutulia kwenye kiti, na kila baada ya muda alikuwa anatuma ujumbe nyumbani kwao. "Kwenu uchaguzi ulikuwa mugumu?" alimwuliza Moustapha.

"Ulikuwa mugumu," Moustapha alijibu.

Kabambare ilipoitwa, alisimama. Walisoma jina la Placide na neno marehemu, kisha wakasoma lake. Makofi yalipigwa, yale yale waliyopigiwa wote. Alikuwa amejiandaa kwamba labda atalia, lakini hakulia. Alisimama akiwa amekaza mikono pembeni, akaketi walipoketi wengine, na mikutano ikaendelea. Tangu siku hiyo aliitwa onorable, na kila alipoitwa alichelewa kidogo kuitika.

Mwezi wa pili aliandika swali kuhusu kivuko cha Luama. Aliliandika mara tatu mpaka likawa namna linavyotakiwa, akalipeleka. Wakati bunge linaingia likizo, jibu lilikuwa halijafika.

Alirudi kwao kwa njia ile ile. Alitangaza kwamba atawaona wapiga kura katika ukumbi wa shule, na kabla ya saa kufika alikwenda kwa Julienne. Alimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Watoto wanne wa Placide walikuwa wanacheza upande wa barabara.

"Ulifika," Julienne alisema.

"Nilifika, Mama. Niliuliza juu ya kivuko. Bado hawajajibu."

Julienne aliegemea jembe. "Na zile karatasi za Placide? Walizipokea?"

Njiani kote Moustapha alikuwa ametengeneza jibu la swali hilo. Alikuwa amejiambia kwamba neno moja la uongo litampunguzia mwanamke huyu mzigo, na kwamba hakuna mtu wa Kabambare atakayekwenda kumwuliza karani. Lakini alipomtazama akaona hawezi.

"Hawakuzihitaji," alisema. "Walisema zingepotea, wangetoa zingine. Wiki moja."

Julienne aliketi pale pale chini, kati ya mihogo, jembe likaanguka kando yake. Alishika udongo kwa mikono miwili. Moustapha alitaka kumsaidia, akasogea hatua moja, na yeye akamzuia kwa kiganja.

"Wiki moja," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Toka barabarani kicheko cha mtoto wa mwisho kilisikika.

"Hiyo usiwaambie watoto," Julienne alisema mwishowe. "Wanajua baba yao alikufa juu ya kazi ya Kabambare. Wabaki nayo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sasa enda. Watu wako wanakungojea."

Alikwenda. Katika ukumbi wa shule walikuwa wamekuja watu thelathini hivi, ambapo siku ya kampeni walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Élysée hakuwepo. Ayoubu aliketi safu ya mbele na kofia mapajani. Moustapha alisalimu, akaeleza alichofanya, akasema hana jibu la kivuko na hajui litakuja lini. Wengine waliguna. Mama mmoja aliinuka akauliza kuhusu barabara ya Lusangi, mwingine kuhusu mishahara ya walimu, na yeye akawa anaandika kila swali kwenye daftari, polepole, akiuliza jina la kila aliyesema.